Maswali ya wasomaji: kulala msituni usiku mmoja, mkoba mdogo utie nini?

Barua za safari hii karibu zote zimeelekea upande mmoja, skuli zinakaribia kufungwa na vijana wanataka kutoka mjini wakalale porini japo usiku mmoja. Zilizofanana nimezitia pamoja, na nyengine nimezifupisha kidogo. Nimefurahi sana kuona watu wanauliza kabla ya kwenda, mana wengi huuliza wakisharudi.

Assalamu alaikum mjomba. Mie kijana wa Wete, tuko wanne, tunataka kwenda kulala upande wa msitu wa Ngezi, huku huku Pemba. Kwenye intaneti nimeona vile vikopo vidogo vya bati vya kujiokolea, ndani mna ndoana, waya wa mtego, dira, kisu kidogo, chuma cha kutoa cheche na blanketi la foili, vyote vinaingia mfukoni. Wenzangu wanasema tuagize kila mtu chake. Inafaa au tunatupa pesa?

Wa alaikum salaam mwanangu. Wazo lenyewe la kikopo ni zuri na ntakwambia kwa nini. Mkoba mkubwa unauweka chini, unakwenda kuokota kuni au unakwenda haja, giza linaingia, unageuka hujui umetokea wapi. Hapo ulichonacho ni kile kilichomo mfukoni tu. Kwa hivyo kuwa na kitu kidogo ambacho hakitoki mwilini mwako mpaka urudi nyumbani, hilo liko sawa kabisa na mie nalishikilia.

Tatizo ni vile vilivyomo. Vikopo vile wamevipanga watu wa nchi za baridi, wenye misitu ya kutembea siku tatu hujaona nyumba, mito kila pahala na usiku wa barafu. Ndo maana wametia ndoana na waya. Weye unakwenda Ngezi, ukitembea asubuhi unatokea barabarani, usiku mmoja huwezi kufa kwa njaa hata kama hujala kitu. Ndoana toa. Waya wa mtego toa kabisa, ule ni msitu wa hifadhi, kutega paa au perere mule ni kosa na hata ingekuwa si kosa mnyama anakufa kwa mateso kwa ajili ya mtu aliyebeba mkate na sambusa kwenye mkoba.

Visiwani kwetu kinachomharibia mtu usiku wake ni vitu vyengine: giza, kiu, mguu uliokatika, mvua, na mbu. Basi kikopo chako kipange kwa hayo.

Naanza na mwanga kwa sababu huku jua likizama halikusubiri. Tuko karibu na ikweta, magharibi ikishaadhiniwa una kama dakika 20 hivi za kuona vizuri, na chini ya miti mikubwa giza linaanza mapema kuliko hapo uwanjani. Saa 11 jioni muwe mshafika, mshafunga turubai, mshajua choo kiko wapi. Chukua tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru, alafu na tochi nyengine ndogo kabisa ikae kwenye kikopo. Kama ni ya mawe ya betri, geuza jiwe moja liangalie kinyume mpaka utakapoihitaji, mana tochi hujiwasha yenyewe ndani ya mkoba na usiku ukaikuta imekufa.

Baada ya mwanga tia kibiriti cha gesi, firimbi, kisu kidogo kinachokunjwa, kamba nyembamba ya nailoni kama mita 10 (maduka ya vifaa vya uvuvi wanayo nzuri na rahisi, wala huna haja ya kuagiza nje), vidonge vya kutibia maji, plasta na bendeji ya kuviringisha, sindano na uzi, dawa unazotumia mwenyewe kama una pumu au sukari, na pesa kidogo za nauli. Firimbi watu huidharau. Ukipotea ukapiga kelele, sauti inakauka baada ya muda mfupi na haifiki mbali kwenye miti minene, firimbi inafika na haitaki betri. Piga mara tatu, nyamaza usikilize, piga tatu tena. Kubalianeni nyote wanne kabla ya kuondoka kwamba tatu maana yake njooni.

Na badala ya bati la kuagiza, nunua kikombe cha chuma chenye kifuniko, vyote hivyo vinaingia ndani yake, unavifunga kwenye kitambaa visigongane. Kile kikombe unachemshia maji. Bati la mfukoni huwezi kuchemshia kitu cha maana.

Jambo la mwisho kwako, usiende kimyakimya. Ngezi ina ofisi ya watu wa misitu pale getini, zungumza nao kwanza, waulize pa kulala na kama moto unaruhusiwa na wapi. Na kama mtalala nje ya hifadhi kwenye kijiji cha watu, pita kwa sheha, yule kiongozi wa serikali pale mtaani, mumjulishe. Vijana wanne wageni na matochi usiku, watu wana haki ya kuuliza ni kina nani.

Mjomba salaam. Mie ni mwalimu huku Micheweni, nnachukua wanafunzi wa darasa la juu kwenda kulala ufukweni usiku mmoja. Karibu na pale kuna kisima, maji yake yana chumvi kidogo. Nikiyachemsha ile chumvi si inaondoka? Mana kubeba maji ya watoto wote ni mzigo.

Mwalimu, haiondoki. Ukichemsha, maji ndo yanayopanda kwa mvuke na chumvi inabaki, kwa hivyo kadiri unavyochemsha yanazidi kuwa ya chumvi. Vidonge navyo haviondoi chumvi. Vyote viwili kazi yake ni kuua vijidudu tu. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalotisha zaidi kuliko yote kwenye barua za safari hii.

Ardhi ya Micheweni ni ya maweni, sawa na kule Unguja upande wa Makunduchi, Jambiani na Paje. Yale ni mawe ya matumbawe ya zamani, yana matundu, mvua ikinyesha maji yanashuka chini moja kwa moja, ndo maana unaweza kutembea mchana kutwa usione kijito wala dimbwi hata wiki ya masika. Maji baridi yamekaa chini yakielea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji baridi ni mepesi. Ukikaribia pwani ile tabaka ya maji baridi inakuwa nyembamba, na ukiyateka sana au mvua ikichelewa chumvi inapanda. Kwa hivyo kisima kile kinaweza kuwa kizuri mwezi wa tano na mwezi wa pili kikawa hakinyweki.

Bebeni maji. Mtu mmoja kwa mchana na usiku na asubuhi ya kurudi asiwe na chini ya lita 3 za kunywa, na wakati wa kaskazi jua likiwa kali wekeni 4. Mzigo, ndio, lakini unazidi kuwa mwepesi kila saa na unarudi mtupu. Yagawe kwenye chupa za lita moja na nusu, usitegemee dumu moja kubwa, dumu likipasuka juu ya jiwe mmebaki watoto wote hamna kitu. Kila mtoto abebe zake na wewe ubebe dumu la akiba limefungwa vizuri kwenye gari au kwa mtu wa kijiji.

Maji yasiyo na chumvi lakini hujui usafi wake, hayo ndo ya kuchemsha au kutia kidonge. Kuchemsha, yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha. Vidonge soma paketi kwanza, mana vinavyouzwa sana madukani ni vya ndoo ya lita 20, ukitia kimoja kwenye chupa umezidisha mno, tafuta vidogo vya lita moja. Tia, subiri nusu saa ndo unywe. Kama maji yana tope chuja mwanzo kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya udongo.

Tia pia paketi za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye mkoba wako wa mwalimu, ni nyepesi, zinauzwa kila duka la dawa, paketi moja kwa lita moja ya maji salama. Mtoto akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, mkojo umekuwa mchache na wa rangi ya chai, mtie kivulini na aanze kunywa kidogokidogo. Madafu yanafaa sana, lakini minazi ina wenyewe, nunua kwa mwenye shamba mtoto asipande.

Na kwa kuwa mnalala ufukweni, angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji ni ya bamvua, huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, na pwani zetu ni bapa kwa hivyo maji yanakwenda mbali sana na yanarudi mbali vilevile. Ule mchanga mkavu mnaouona maji yakiwa yametoka, baada ya masaa 6 hivi unaweza kuwa bahari. Tafuta ule mstari wa majani makavu na taka ulioachwa na maji, mlale juu yake na mzidishe. Muulize mvuvi yeyote pale, atakwambia saa na dakika.

Kaka habari. Nipo Paje, nna hema la watu watatu lakini ni zito na kubwa, sitaki kulibeba. Tunakwenda kwenye vuli. Bila ya hema tutafanyaje na mvua?

Salama ndugu yangu. Hema liache, kwa usiku mmoja turubai jepesi au nailoni nzito ya mita 2 kwa 3 inatosha watu wawili. Funga kamba baina ya miti miwili kwa urefu wa kiuno, tupia nailoni juu, vuta pembe nne. Usifunge juu sana, watu hufunga juu wapate kusimama alafu mvua inapiga ubavuni. Upande unaotoka upepo ushushe mpaka karibu na ardhi. Kwenye kaskazi upepo unatoka kaskazi mashariki, kwenye kusi unatoka kusini, vuli inabadilikabadilika kwa hivyo angalia majani ya miti yanalala wapi kabla hujafunga. Kama nailoni haina matundu ya kamba usiitoboe, weka kijiwe laini ndani ya pembe, kunja, funga kamba shingoni mwa kile kijiwe, haichaniki.

Chandarua kining'inie kwenye kamba ileile chini ya nailoni. Chandarua chenye dawa, si cha mapambo. Malaria Unguja na Pemba imepungua sana lakini haijaisha, na wale mbu wa dengi wanauma mchana, kwa hivyo dawa ya kujipaka ianze tangu mko njiani.

Chini ndo shida ya Paje. Maweni hayalaliki, jiwe linakukata kupitia mkeka. Kama huna bembea ya wavu ya kufunga mitini basi tafuta kipande chenye udongo au mchanga, tandika gunia la plastiki la mchele ulilolipasua, alafu mkeka juu. Usilale chini ya mnazi hata kama kivuli chake kinakuvutia, wala chini ya tawi kavu.

Lile blanketi la foili ambalo watu wengi wameniuliza, ni jepesi, linaingia kiganjani, chukua moja kwa kundi zima kwa ajili ya mtu aliyeumia au aliyerowa. Kulilalia usiku kucha kwa joto letu utaamka umelowa jasho. Kikoi kizito kinakufaa zaidi.

Na watu wa huku wanaamini baridi haipo. Ipo. Mtu aliyerowa mvua, upepo unampiga, hajala, saa 9 usiku anatetemeka mpaka meno yanagongana hata kama hewa ni ya kawaida tu. Dawa yake ni seti moja ya nguo kavu, fulana na suruali na soksi, imefungwa ndani ya nailoni isiyopitisha maji, haifunguliwi mpaka wakati wa kulala. Asubuhi unavaa tena zile mbichi, kavu unazirejesha. Inakera lakini fanya hivyo.

Shikamoo mjomba. Sisi kina dada watano wa Michenzani, tunataka kwenda na kaka zetu wawili. Tuvae nini na tubebe nini cha ziada?

Marahaba wanangu. Suruali nyepesi ya kitambaa kigumu ndani, gauni au dira fupi juu yake ambalo halifagii chini, mikono mirefu, na mtandio wa pamba badala ya ule wa kuteleza. Baibui refu litashikwa na miiba kila hatua na likirowa ni zito, livaeni mpaka mwanzo wa njia alafu lihifadhini.

Viatu ndo msisitizo wangu, na kaka zenu pia wasome hapa. Raba zenye soli nene zinazofunika vidole, na soksi ndefu mtie suruali ndani yake kwa ajili ya siafu na upupu. Malapa yabebeni ya kuvaa kambini tu. Kwenye maweni mtu mwenye malapa akijikwaa mara moja kisigino kinachanika, na mguu ukishachanika safari yote inageuka kuwa kumbeba yeye.

Kanga mbili kila mmoja. Kanga ni shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo, chujio la maji, na mkono ukivunjika ni kamba ya kuuning'iniza. Inakauka haraka kuliko taulo na haichukui nafasi. Pedi bebeni hata kama siku zenu bado, na mfuko wa kurudishia taka zenu mjini, msizike wala msiache.

Mjomba, kuwasha moto kuni zikiwa mbichi, kile chuma cha cheche kinasaidia?

Cheche hakuna shida hata zikitoka kwa kibiriti cha gesi kilichokwisha gesi, shida ni kitu cha kuzipokea. Chukua pamba ya duka la dawa, ipake vaselini vizuri, itie kwenye kichupa. Kipande kimoja ukikichambua kikashika moto kinawaka dakika kadhaa, muda wa kutosha kukausha vijiti vyembamba. Hicho ndo kitu kidogo cha kujiokolea ambacho kweli ningekiweka kwenye kila kikopo. Juu yake weka kilifu cha mnazi na usumba kutoka ndani ya kumbi, kumbi likirowa nje ndani hubaki kavu, ulipasue tu. Alafu vifuu, vina moto mkali. Chuma cha cheche ukikipenda kibebe, lakini bila ya pamba hakikusaidii kitu. Na popote ulipoambiwa moto hauruhusiwi usiwashe, kwenye maweni wakati wa kiangazi majani yakishika moto hamuuzimi nyinyi watu wanne na chupa za maji ya kunywa.

Nnaogopa nyoka na zile sauti za usiku. Nibebe dawa gani? Na simu msituni si haina kazi?

Sauti kwanza. Kinacholia kama mtoto mchanga usiku ni komba. Ile ya kukoroma na kupiga ukelele juu ya mti inayopanda mpaka inatisha ni perere, mnyama mdogo wa kula majani. Wote wawili hawana haja na weye.

Nyoka wapo, na wanakimbia mtu wakisikia kishindo. Usiku usitembee bila mwanga hata hatua tano, usitie mkono kwenye shimo au chini ya gogo, viatu vikung'ute asubuhi. Dawa ya kubeba ya nyoka hakuna, kinachobebwa ni bendeji na akili iliyotulia. Mtu akiumwa asikatwe chale, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, wala msipoteze saa nzima kwa jiwe la nyoka. Mvue pete na saa mana atavimba, kiungo kifungwe na kijiti kisitikisike, abebwe asitembee, apelekwe hospitali moja kwa moja. Msimkimbize nyoka mkamuue ili mumpeleke daktari, mtaumwa wawili.

Simu ina kazi kubwa. Kabla ya kuondoka shusha ramani ya eneo lote iwe ndani ya simu, mana ile alama inayoonesha ulipo inatoka kwa satalaiti na inafanya kazi hata bila mtandao wala bando. Mkifika kambini weka alama pale. Alafu itie kwenye hali ya ndege ili isile chaji kutafuta mtandao, iviringishe ndani ya nailoni, na pawabanki ndogo ikae mbali na maji. Ukipata mtandao namba ya dharura ni 112. Na acha karatasi nyumbani kwa mtu mmoja makini, iandikwe mnalala wapi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi, na saa gani akiona kimya aanze kupiga simu kwa sheha wa kule. Mkitoka barabarani huyo ndo wa kwanza kumpigia, kabla hamjapanda gari.